Sheria Iliyosubiri Kitabu

Mama mdogo aliniambia habari yake akiwa na miaka 61. Hakuniita pembeni wala hakunikalisha chini. Tulikuwa tunakunja mashuka, yeye ameshika pembe mbili na mimi mbili, tunasogea, tunakutana katikati, tunaachana, tunasogea tena. Katika mojawapo ya kukutana huko akasema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akihesabia mashuka, kwamba alipokuwa msichana mdogo kuna mtu mzima wa karibu na familia aliyemwingilia, na haikuwa mara moja. Kisha akachukua shuka lingine.

Nami nikamuuliza swali ambalo mpaka leo likinijia usiku nageukia ukutani: "Kwa nini hukusema, Mama?"

Hakukasirika. "Nimwambie nani, mwanangu? Waliotakiwa kujua walikuwa wanajua."

Jibu lile lilinipita. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyechoka kuulizwa. Nilikuja kulielewa miaka kadhaa baadaye, kwa mikesha miwili, nikisoma tafsiri ya kitabu cha mwanamke wa Kifaransa aitwaye Vanessa Springora. Hakuna kinachomfananisha na Mama mdogo, si nchi, si elimu, si maisha. Lakini kila baada ya kurasa chache nilikuwa naisikia sentensi ile ile. Waliotakiwa kujua walikuwa wanajua.

Kitabu chenyewe, Le Consentement, maana yake Ridhaa, kilitoka Paris tarehe 2 Januari 2020. Springora alikuwa na miaka 47, mtu wa kazi ya uchapishaji, na anasimulia yaliyomkuta akiwa na miaka 14. Katikati ya miaka ya 1980, mama yake alikuwa akifanya kazi na wachapishaji, na kwenye chakula cha jioni cha watu wa vitabu binti huyo alikutana na mwandishi mashuhuri aliyekuwa anakaribia miaka 50. Mwandishi akaanza kumwandikia barua. Akawa anamsubiri nje ya shule. Ndani ya kitabu Springora anamwita kwa herufi tu, na mimi nitafanya vivyo hivyo kwa kila mtenda wa mambo haya. Majina yao yamechapishwa vya kutosha, tena kwa miaka mingi yalichapishwa kwa sifa.

Maana mtu yule hakuwa anajificha. Hilo ndilo linaloumiza. Aliandika shajara zake, akazichapisha, akaeleza humo kwa fahari namna anavyowatafuta wasichana wa shule, na hata watoto wa kiume huko Asia. Vitabu hivyo vilitolewa na nyumba kubwa za uchapishaji, vikahakikiwa magazetini, na mwandishi akapewa ruzuku ya serikali inayotolewa kwa waandishi. Mwaka 2013, akiwa mzee, alipewa tuzo ya fasihi ya Renaudot, upande wa insha. Barua za Springora za utotoni aliziingiza katika vitabu vyake bila kumuuliza, hivyo msichana akakua akijikuta mhusika katika maandishi ya mtu aliyemtumia, na watu wanayasoma.

Mama yake mzazi alijua, na baada ya kupinga mwanzoni, akakubali. Polisi walipokea barua zisizo na jina zikimtuhumu yule mwandishi. Alihojiwa, na hakuna kilichofuata. Binti alipokimbilia kwa mwanafalsafa mmoja mashuhuri, rafiki wa mwandishi, akitafuta mtu mzima wa kumshika mkono, aliambiwa kwamba kuchaguliwa na msanii mkubwa ni heshima, na kwamba kazi yake ni kumsindikiza na kumvumilia. Nilipofika hapo nikafunga kitabu, nikakaa gizani. Mtoto amekwenda kubisha hodi kwa mwenye hekima, na mwenye hekima anamrudisha alikotoka.

Kuna mkanda wa televisheni wa mwaka 1990 ambao ulisambaa tena kitabu kilipokaribia kutoka. Ni kipindi cha vitabu kilichokuwa kikitazamwa na Ufaransa nzima. Mtangazaji anamtania mwandishi kuhusu wasichana wake, waliokaa mezani wanatabasamu. Mtu mmoja tu hatabasamu, Denise Bombardier, mwandishi kutoka Quebec, Kanada. Anasema wazi kwamba anachokisikia ni cha kusikitisha, na kwamba haelewi ni vipi katika nchi hii fasihi inakuwa kinga ya mtu kutojibu mbele ya sheria. Baada ya kipindi, aliyetukanwa ni yeye, wala si mwandishi. Nimeutazama mkanda ule mara nyingi kuliko ninavyopaswa. Huwa namwangalia Bombardier, lakini zaidi nawaangalia wale wengine, namna kicheko kinavyotembea mezani, kila mmoja akimpokeza mwenzake ili kisimwangukie mkononi.

Tena haikuwa bahati mbaya ya kipindi kimoja. Mwaka 1977 gazeti la Le Monde lilichapisha barua ya kuwatetea wanaume watatu waliokuwa mahabusu kwa makosa ya kingono dhidi ya watoto wa miaka 13 na 14. Waliosaini ni pamoja na Jean-Paul Sartre, Simone de Beauvoir na Roland Barthes. Aliyeiandika rasimu, kwa kukiri kwake mwenyewe miaka mingi baadaye, ni yule yule mwandishi wa Springora. Nimewahi kuwasoma baadhi ya waliosaini kwa unyenyekevu wa mwanafunzi mbele ya walimu wake. Bado nawasoma, ila sasa nikiwa nimekaa wima.

Sasa niseme kilichonifanya niandike, kwa sababu wako watakaosema kwamba hii ni habari ya Wafaransa na mambo yao. Kitabu kile kina jambo ambalo faili la polisi haliwezi kulibeba. Faili linauliza: je, alipiga kelele? Alikataa? Kuna alama mwilini? Kitabu kinajibu swali ambalo faili halikuliuliza kamwe: je, hiyo "ndiyo" ya mtoto ilitengenezwaje, na nani, kwa muda gani? Springora haandiki kwamba alikataa. Anaandika kwamba alisema ndiyo. Alikuwa mtoto aliyeachwa na baba, anayependa vitabu, mwenye kiu ya kutazamwa, na mtu mzima mwenye jina kubwa akamtazama. Aliamini anapendwa. Miaka mingi hakuweza kujiita aliyetendewa, maana alikumbuka vizuri kwamba alikubali. Utajiitaje mhanga na mlango uliufungua mwenyewe?

Kiswahili kina neno zuri hapa ambalo hatulitazami vya kutosha. Ridhaa inatoka mahali pamoja na kuridhika. Kukubali kunaweza kuwa kwa mdomo tu, hata kwa kutikisa kichwa. Kuridhia kunataka moyo uliotua, mtu anayejua anachopewa na anachotoa, na anayeweza kuondoka asidhurike. Mtoto wa miaka 14 anaweza kukubali mambo mengi. Kuridhia kitu kama kile, mbele ya mtu mwenye umri wa baba yake, jina lake liko kwenye majalada na mama yake mwenyewe anamkaribisha mezani, hana uwezo huo. Kimoja kinasikika kwa sikio na kingine hakisikiki, na sheria ya Ufaransa kwa muda mrefu ilikuwa na sikio tu.

Nitaieleza sheria hiyo kama nilivyoielewa, kwa sababu bila kuielewa huwezi kuona kitabu kilifanya nini. Kanuni ya Adhabu ya Ufaransa ilikuwa inasema ubakaji ni tendo la kuingilia lililofanywa kwa moja ya njia nne: nguvu, shuruti, kitisho au kushtukiza. Neno ridhaa halikuwamo kabisa. Ili mtu ahukumiwe kwa ubakaji, mwendesha mashtaka alipaswa kuthibitisha njia mojawapo, hata kama aliyetendewa ni mtoto. Mtu mzima akilala na mtoto wa chini ya miaka 15 bila njia hizo kuthibitishwa, kulikuwa na kosa jingine, dogo zaidi, ambalo adhabu yake ya juu ilikuwa kifungo cha miaka 5. Ubakaji wa mtoto wa umri huo ulikuwa na adhabu ya hadi miaka 20. Kati ya 5 na 20 palikuwa na swali moja: mtoto alipinga, au hakupinga?

Vuli ya mwaka 2017 Wafaransa walilazimika kulitazama swali hilo. Huko Pontoise, mwanaume wa miaka 28 alikuwa amemwingilia msichana wa miaka 11, na waendesha mashtaka wakaamua kumpeleka mahakamani kwa lile kosa dogo, kwa kuwa hawakuona shuruti. Mnamo Novemba mwaka huo, katika mkoa wa Seine-et-Marne, jopo la mahakama lilimwachia huru mwanaume mwingine, katika kesi ya msichana mwingine, naye wa miaka 11. Binti huyo alikuwa amepata ujauzito. Nguvu, shuruti, kitisho, kushtukiza: waliona hakuna hata kimoja kilichothibitishwa.

Miaka 11. Nimejaribu mara kadhaa kuandika sentensi inayofuata baada ya namba hiyo, na kila mara naifuta.

Watu walikasirika, na serikali ikaahidi kuweka umri ambao chini yake hakuna mjadala wa ridhaa. Halafu wanasheria wa serikali wakaonya kwamba kumhesabu mtu kuwa mbakaji kwa kigezo cha umri peke yake kunaweza kugongana na katiba. Ahadi ikapunguzwa, ikapunguzwa tena. Sheria ya Agosti 2018 ilipotoka haikuwa na umri huo. Iliwapa majaji maelezo kuhusu udhaifu wa mtoto asiye na upambanuzi, ikaongeza muda wa kushtaki hadi miaka 30 baada ya mtu kutimiza miaka 18, yaani hadi anapofikisha 48. Hayo si madogo. Lakini lango lenyewe liliachwa wazi, na wasichana wawili wa miaka 11 hawakutosha kulifunga.

Kitabu cha Springora kilipotoka, kesho yake, tarehe 3 Januari 2020, mwendesha mashtaka wa Paris alifungua uchunguzi dhidi ya mwandishi. Siku chache baadaye nyumba ya Gallimard, iliyokuwa ikichapisha shajara zake, ikasitisha mauzo yake. Shajara zilizokuwa madukani kwa miongo mitatu, zikisomwa na kupongezwa, ziliondolewa kwa wiki moja. Hakuna siri mpya iliyokuwa imefichuliwa. Yote yalikuwa yameandikwa na mtenda mwenyewe. Kilichobadilika ni upande ambao hadithi ilisimuliwa kutoka. Mwanzoni mwa kitabu Springora anasema nia yake ni kumnasa mwindaji kwa mtego wake mwenyewe, kumfungia ndani ya kitabu, kama yeye alivyofungiwa. Mtego ulifanya kazi.

Mwaka mmoja na siku tano baadaye kikaja kitabu cha pili. Camille Kouchner, mwalimu wa sheria chuo kikuu, alichapisha La Familia grande tarehe 7 Januari 2021. Anasimulia kwamba baba yao wa kambo alimtendea vibaya kaka yake pacha walipokuwa na umri wa miaka 13 au 14, kwamba kaka alimwambia na kumwomba asiseme, na kwamba siri ile aliibeba kama joka la vichwa vingi, ukikata kimoja kinaota kingine. Baba huyo wa kambo alikuwa profesa wa sheria, msomi mkubwa wa siasa, akiongoza taasisi inayosimamia chuo kikuu maarufu cha Sciences Po. Nyumba yao ya kiangazi ilijaa wageni, wanasiasa, wanafikra, watu wa kulia chakula na kujadili uhuru hadi usiku wa manane. Mama yao alipoambiwa, mnamo 2008, alisimama upande wa mumewe. Wengi katika duara lile walikuwa wanajua.

Wazee wetu walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata ndiyo inayoingia na kutoka, inayogusa chini kabisa palipotulia matope. Na kata haisemi. Nyumba ya aina hiyo haihitaji kufuli, kila mtu ndani yake ni kufuli. Nimefikiri sana kuhusu huyo dada pacha, kwa sababu yeye hakutendewa kwa mwili na bado alikulia ndani ya jambo hilo. Ukimya wa nyumba humlea hata aliyekuwa chumba cha pili.

Mtenda alijiuzulu siku chache kabla kitabu hakijafika madukani. Mwezi uliofuata mkuu wa chuo naye akajiuzulu, baada ya kujulikana kwamba alikuwa ameambiwa tangu 2018. Katikati ya Januari, kwenye Twitter, watu wakaanza kuandika umri wao na uhusiano wao na aliyewatenda: nilikuwa na 6, alikuwa babu, nilikuwa na 9, alikuwa kaka, nilikuwa na 12, alikuwa baba. Makumi ya maelfu ya ujumbe kwa siku chache. Tume huru ikaundwa kushughulikia ukatili wa kingono dhidi ya watoto, na baadaye tume hiyo ikakadiria kwamba watoto 160,000 hutendewa hivyo Ufaransa kila mwaka, wengi wao ndani ya familia zao.

Na bunge sasa likapata mbio. Seneti ilipitisha muswada tarehe 21 Januari 2021, wiki mbili tu baada ya kitabu cha Kouchner, ukiweka umri wa miaka 13. Watu wakasema hautoshi. Waziri wa Sheria akasogea hadi 15. Tarehe 15 Aprili wabunge wakaupitisha kwa kauli moja, na tarehe 21 Aprili 2021 ukawa sheria. Tangu siku hiyo, mtu mzima anayemwingilia mtoto wa chini ya miaka 15 amebaka, mradi tofauti ya umri ni angalau miaka 5, na anaweza kufungwa miaka 20. Hakuna anayeuliza tena kama mtoto alipinga. Kwa wazazi na jamaa wa familia wenye mamlaka juu ya mtoto, umri ni 18. Pingamizi la katiba lililoizuia mwaka 2018 lilikuja kuwasilishwa mbele ya Baraza la Katiba mwaka 2023, na Baraza likaiacha sheria isimame.

Kwa hiyo ilikuwa inawezekana. Ndiyo maana nashindwa kushangilia moja kwa moja. Hoja za mwaka 2018 zilisemwa kana kwamba ni mlima, na miaka mitatu haikuisha watu wakapita. Katiba haikuwa imebadilika. Watoto wa miaka 11 hawakuwa wamebadilika. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba watu wawili wenye elimu, wenye kalamu, wenye majina yanayojulikana na wachapishaji, walikuwa wamesema. Kouchner ni binti wa waziri wa zamani wa mambo ya nje. Springora aliijua kazi ya vitabu kutoka ndani. Waliowasoma kwa pupa walikuwa watu wa duara lile lile wanamotoka mawaziri na wabunge, na nadhani kila mmoja alikuwa na chakula chake cha jioni cha kukumbuka, mahali alipocheka pasipostahili. Yule msichana wa Pontoise hakuwa na kitabu. Alikuwa na maelezo yake polisi, yaliyoandikwa na mtu mwingine, kwa lugha ya mtu mwingine.

Sisemi hivi kuwapunguzia heshima waandishi hawa. Nawaheshimu kwa sababu ambayo watu wengi huipita haraka: sheria waliyoisukuma haikuwagusa. Sheria ya jinai kali zaidi hairudi nyuma. Kwa Springora muda wa kushtaki ulikuwa umekwisha zamani. Kwa kaka yake Kouchner vivyo hivyo. Baba wa kambo alikiri mbele ya polisi, na jalada likafungwa mwaka huo huo wa 2021 kwa sababu ya miaka iliyopita. Mtu anafungua kidonda chake mbele ya nchi nzima, anajua marafiki wa mama yake watasoma, anajua wageni watamuuliza kwa nini alinyamaza muda wote huo, na mwisho wa yote anayefaidika ni mtoto ambaye pengine wakati huo hata hajazaliwa. Methali inasema mficha uchi hazai. Wao walijifunua, na waliozaliwa kwa kujifunua kwao ni wa watu wengine.

Ukomo huu wa muda nao niseme kidogo, maana ndipo swali langu kwa Mama mdogo lilipokuwa na ujinga wake. Tunauliza kwa nini hukusema mapema kana kwamba kusema ni mlango uliokuwa wazi siku zote na mtu akakataa kupita. Springora ilimchukua zaidi ya miaka 30 kupata neno tu la kuliita lililompata. Huwezi kushtaki jambo ambalo bado unaliita mapenzi. Mtoto aliyetendewa na baba hana nyumba nyingine ya kwenda kulala baada ya kusema. Wengi husema mtenda akishakufa, au mama, au pale mtoto wao wenyewe anapofikia umri ule ule. Saa ya sheria inaanza kuhesabu siku mtu anapotimiza miaka 18. Saa ya mwili inaanza siku nyingine kabisa, na hakuna bunge linaloweza kuipanga. Ile tume, katika ripoti yake ya Novemba 2023, ilipendekeza ukomo huo ufutwe kabisa kwa makosa ya aina hii dhidi ya watoto. Naunga mkono. Najua hoja ya ushahidi kuoza na kumbukumbu kufifia, na ni hoja ya kweli. Basi mahakama ipime ushahidi uliopo, kama inavyopima kila siku, badala ya kufunga mlango kabla mtu hajafungua kinywa.

Kuhusu watu wazima, Ufaransa ilichelewa zaidi. Ilihitaji kesi ya Avignon ya mwaka 2024, ya mwanamke aliyeleweshwa dawa na mumewe kwa miaka na kuletewa wanaume wasiomjua, naye akakataa kesi isikilizwe kwa faragha. Washtakiwa 51 walitiwa hatiani Desemba mwaka huo. Baadhi yao walikuwa wamejitetea kwamba walidhani amekubali, ilhali alikuwa hajitambui. Novemba 2025 neno ridhaa hatimaye likaingia kwenye sheria ya Ufaransa ya ubakaji: iwe huru, itolewe kwa kujua, iwe ya jambo lenyewe, itangulie tendo, na iweze kuondolewa. Sheria inasema ridhaa haiwezi kudhaniwa kutokana na ukimya peke yake, au kutokana na mtu kutofanya chochote.

Nikiisoma hiyo sehemu ya ukimya, nawaza lugha yangu. Sisi tumelelewa na usemi kwamba kimya ni kukubali. Tunausema kwenye vikao, kwenye utani, kwenye posa. Na tuna neno jingine linalonisumbua zaidi. Mtoto akitendewa, magazeti yetu huandika kwamba amenajisiwa. Najisi ni uchafu, kile ambacho ukikigusa lazima ujisafishe. Neno linampaka uchafu aliyetendewa, na mtenda anabaki mtu tu aliyefanya kitu. Halafu tunaongeza kwamba ameharibiwa, kama chakula kilicholala. Mtoto anayasikia maneno hayo kabla ya umri wa kuyahitaji, na siku akiyahitaji ndiyo pekee aliyo nayo. Aseme nini? Mimi ni uchafu, nimekuja kushtaki? Kwa upande wangu nimeacha kuliandika neno hilo. Naandika: fulani alimbaka mtoto. Mtenda anatangulia, kitendo kinafuata.

Mwaka juzi nilikwenda kumwona Mama mdogo, nikiwa na kitabu kwenye mkoba. Sikumsomea. Nilimsimulia tu, kwa ufupi, habari ya mwanamke wa Ufaransa na mwandishi, televisheni na vicheko, wale polisi, na sheria iliyokuja baadaye. Alisikiliza hadi mwisho bila kuniuliza kwa nini namweleza hayo. Nikamwomba msamaha kwa lile swali la siku ya mashuka. Akapunga mkono, kama anafukuza nzi.

"Na huyo mtu wake," akauliza, "walimfunga?"

"Hapana, Mama. Miaka ilikuwa imepita."

"Lakini sasa wanamjua."

"Wanamjua. Nchi nzima."

Akanyamaza kidogo. "Na yeye mwenyewe, huyo mama, bado yu hai?"

"Yu hai. Ameandika na kingine."

"Haya," akasema, na akanyanyuka kwenda kuanua nguo.